Betri ya Muziki Mkubwa wa Gari: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Gari likiletwa kwangu kwa sababu taa zinafifia kila besi inapogonga, mara nyingi mwenyewe ameshaamua dawa: betri kubwa zaidi. Mimi huanza na mita ya kupimia volti. Ncha zake naziweka kwenye chanya na hasi ya amplifaya yenyewe, injini ikiwaka, kisha namwambia afungulie wimbo wake kwa sauti aliyoizoea. Mita za kawaida ni nzito kufuata besi fupi, kwa hiyo tumia yenye kitufe cha kushika kiwango cha chini kabisa. Ikianzia volti 13.8 na kugusa 13.2, mfumo uko salama. Ikidondoka hadi 11.6, kuna tatizo, ila bado hatujajua kama ni la betri.

Hapo nahamishia ncha kwenye vichwa vya betri na tunarudia wimbo uleule. Betri ikisoma 13.5 wakati amplifaya ilisoma 11.6, karibu volti mbili zinapotelea njiani: waya nyembamba, kishikio cha fyuzi kilicholegea, au hasi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi bila kukwanguliwa. Betri mpya haitatibu hayo hata uinunue ya bei gani. Lakini zote mbili zikizama pamoja, sasa tuna haki ya kuzungumzia betri na alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini kuichaji betri.

Na tuzungumzie kwa hesabu. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ziache. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Ukizitilia shaka, angalia fyuzi za amplifaya. Yenye fyuzi mbili za ampea 30 inaruhusiwa kuvuta ampea 60, yaani kama wati 828 kwa volti 13.8. Haiwezi kusukuma wati 3,000 mfululizo, hata kibandiko kiseme nini. Amplifaya ya klasi D hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa nguvu ya spika, na klasi AB huwa karibu 60 au chini yake. Kwa hiyo wati 2,000 za kweli kwenye klasi D zinahitaji wati 2,500 za kuingia, ambazo kwa volti 13.5 ni ampea 185. Huo ni mvuto wa kilele. Muziki hupanda na kushuka, na wastani wake kwa nyimbo nyingi mimi huuhesabu kama theluthi, tuseme ampea 60. Kwa nyimbo za besi ndefu isiyopumua, hesabu nusu.

Linganisha namba hiyo na alternata. Gari lenyewe, likiwa na taa, feni na kiyoyozi, linaweza kula ampea 40 au zaidi kabla muziki haujaanza. Na alternata iliyoandikwa ampea 100 haitoi 100 injini ikiunguruma polepole. Uwezo wake kamili huja injini ikizunguka kwa kasi. Ikiwa wastani wa mahitaji yako unaipita alternata, betri yoyote utakayofunga itaishia kuwa tupu, tofauti ni saa tu. Betri ni tanki, pampu ni alternata. Kazi ya betri injini ikiwaka ni kujaza pengo la zile nukta chache besi inapovuta ampea 185 kwa ghafla, na kuitunza volti isianguke. Amplifaya nyingi hupoteza nguvu kwa kasi volti ikishuka: ile inayotoa wati 2,000 kwenye 14.4 hutoa kama 1,400 tu kwenye 12.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye betri ya muziki ni ukinzani wake wa ndani, yaani kiasi betri yenyewe inavyozuia umeme kutoka, kabla ya ukubwa wa boksi. Betri yenye miliomu 3 ikivutwa ampea 185 hupoteza kama nusu volti. Iliyochoka, yenye miliomu 10, hupoteza volti 1.85 palepale. Kipimo kidogo cha kushika mkononi cha kupima betri hukuonyesha namba hiyo kwa dakika moja. Muuzaji akikataa usipime, tafuta muuzaji mwingine.

Lebo nazo zisome kwa makini. Ah (ampea-saa, yaani akiba ya betri) hupimwa kwa kutoa umeme polepole ndani ya saa 20, kwa hiyo betri ya risasi ya Ah 100 ni ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta ampea 60 haitakupa Ah 100. CCA ni ampea inazoweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Hicho ni kipimo cha stata. Namba kubwa ya CCA ni dalili nzuri ya ukinzani mdogo, ila haikuambii utapiga muziki kwa muda gani injini ikiwa imezimwa.

Swali hilo la injini ndilo linaloamua aina. Anayesikiliza akiwa anaendesha, AGM moja nzuri mbele, yaani betri ya risasi ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, inamtosha mara nyingi. Ikijaa na kupumzika husoma karibu 12.8 au zaidi, inavumilia mivuto mikali kuliko betri ya maji, na inapatana na chaji ya magari mengi. Hakikisha imeandikwa AGM, maana si kila betri kavu ni AGM.

Anayepiga muziki gari likiwa limeegeshwa anahitaji akiba. AGM ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu mara kwa mara, hivyo kwa mvuto wa ampea 60 tegemea kama dakika 40. LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu, ya Ah hizohizo unaweza kuitumia asilimia 80, ukapata zaidi ya saa moja, na volti yake hubaki karibu na 13 muda mwingi badala ya kuteremka. Tena ina nusu ya uzito au chini ya hapo. Mimi naipenda sana kwa kazi hii, kwa masharti. Saketi yake ya ulinzi ina kikomo cha ampea: iliyowekewa 100 itakata ukivuta 185, na muziki utazimika katikati ya besi. Chaji yake isizidi volti 14.6. Isikae kwenye joto la injini, wala isichajiwe kwenye baridi chini ya sifuri. Na ikiwa tupu huvuta chaji kwa uchu hadi alternata ndogo ikaungua, kwa hiyo weka chaja ya kati inayodhibiti ampea.

Ukiongeza betri ya pili nyuma, kama zote ni za risasi ziwe aina moja na umri mmoja, la sivyo iliyochoka itainyonya nzima. Lithiamu na risasi usiziunge moja kwa moja, zitenganishe. Betri ya maji usiiweke ndani ya gari. Ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Waya unaounganisha mbele na nyuma uwe na fyuzi pande zote mbili, kila moja isizidi sentimita 45 kutoka kwa betri yake, kwa sababu waya huo ukichubuka kwenye bodi, kila betri ina nguvu ya kuuwasha moto.

Waya uwe wa shaba safi. Kwa mfumo wa wati 2,000 mimi hufunga wa milimita za mraba 50, na naongeza unene uleule sehemu tatu: alternata kwenda chanya, hasi kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Magari mengi mapya yana kihisi kwenye kichwa cha hasi. Hayo hasi ya amplifaya ifungwe kwenye bodi, si juu ya kichwa cha betri, ili kihisi kiendelee kuuhesabu umeme wote unaotoka na chaji isidanganyike.