Bia hii, glasi ipi? Ushauri kutoka kaunta ya Moshi

Nahudumu kaunta ya hoteli hapa Moshi, ambako wageni wanaoshuka mlimani huagiza bia kabla hata ya kuvua mabuti. Wengi huniuliza kwa nini nabadilisha glasi kila bia inapobadilika. Umbo la glasi ndilo linaloamua povu lidumu au life, harufu ifike puani au ipotee, na bia ipate joto mapema au ichelewe. Mnywaji amelipia vyote hivyo.

Lakini usafi unatangulia umbo. Glasi inayong'aa inaweza kuwa na utando wa mafuta kwa sababu imeoshwa pamoja na sahani za pilau au imepanguswa kwa kitambaa cha jikoni, na mafuta huua povu papo hapo. Ukitaka kuhakikisha, lowanisha glasi ndani kwa maji kisha nyunyiza chumvi: itashika kila mahali isipokuwa penye mafuta. Ukiona mapovu yamegandamana ubavuni baada ya kumimina bia, hapo nako pana uchafu. Glasi za bia zipe sponji yake, zisuuze kwa maji mengi mpaka sabuni iishe, uziinamishe kwenye rafu yenye matundu zikauke zenyewe. Ukiziinamisha juu ya kitambaa hewa haipiti, na zitanuka. Kabla ya kumimina, zisuuze tena kwa maji baridi.

Sasa lager, maana ndiyo bia yetu: Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Tusker. Itafutie glasi ndefu na nyembamba, inayopanuka kidogo kuelekea juu. Chupa zetu nyingi ni za mililita 500, na watu hudhani lazima glasi imeze chupa nzima. Sikubaliani nao kabisa. Kwa joto la Februari, chagua glasi ya mililita 250 au 300, chupa ibaki kwenye ndoo ya barafu, ujaze tena ukimaliza. Watu wa Köln, Ujerumani, wamelijua hili zamani: bia yao ya Kölsch hunywewa kwenye glasi iliyonyooka ya mililita 200 tu, na mhudumu huleta nyingine bila kuulizwa mpaka uweke kile kikadi cha kuwekea glasi juu ya glasi yako. Kama unataka chombo kikubwa, chukua magi yenye mkono ili joto la kiganja lisiifikie bia. Ile ya lita moja ya Oktoberfest, tamasha la bia la kule München, Ujerumani, ni ya namna hiyo, kioo kinene na mkono imara.

Glasi iliyoganda kwenye friza siipendi. Ule ukungu mweupe ni maji, yatayeyuka ndani ya bia. Tena barafu hulipandisha povu kwa fujo, na baridi kali huficha ladha uliyoinunua. Anayekunywa ya moto naye ana haki yake. Bia isiyopoozwa huachia gesi haraka, kwa hiyo mpe glasi yenye nafasi ya kutosha juu, iinamishe, mimina taratibu, uinyooshe ikifika nusu.

Guinness inawachanganya wengi. Ile ya pipa inayonywewa Ireland na Uingereza ina gesi ya naitrojeni, ndiyo maana povu lake ni laini kama malai, na humiminwa kwa hatua mbili kwenye glasi ya painti ya mililita 568. Ya kwetu ya chupa, Foreign Extra, haina naitrojeni. Ni nzito, chungu, na kilevi chake kimezidi lager. Mimi huitia kwenye glasi ya waini nyekundu, yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, nusu tu. Iache ipoteze baridi kidogo, kisha inuse kabla ya kunywa: utakutana na harufu ya kahawa na nafaka iliyokaangwa, ambayo kwenye chupa haikufikii.

Glasi hiyohiyo ya waini itakuokoa ukipata bia kali za Ubelgiji, ambako karibu kila bia ina glasi yake yenye jina lake. Duvel, yenye kilevi cha asilimia 8.5, huja kwenye chupa ya mililita 330, lakini glasi yake yenye umbo la ua la tulipu ni kubwa mno, kwa makusudi: povu lake ni jingi na linahitaji chumba chake. Orval na Chimay hunywewa kwenye kombe lenye mguu na mdomo mpana.

Bia ya ngano ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, inataka glasi ya nusu lita, ndefu, nyembamba chini na pana juu. Mimina karibu yote, bakiza kidogo, tikisa chupa kuamsha hamira iliyotuama, kisha malizia. Kipande cha limau usiweke, kinaharibu povu.

Na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi? Ina chembe za ulezi, inataka mdomo mpana. Kata ya kibuyu inaitosha, wala usiihamishie kwenye kioo.

Ukiwa na fedha za aina mbili tu, nunua glasi ndefu za lager na glasi za waini zenye tumbo. Pitisha kidole mdomoni mwa kila moja kutafuta mapengo. Nenda dukani na chupa ya maji ya nusu lita, mimina ndani ya glasi kiasi cha bia utakayotia, uone kama zimebaki nafasi za vidole viwili kwa ajili ya povu. Zisipobaki, omba saizi inayofuata.