Jino likishtuka kwa baridi
Wewe mpenzi wa soda baridi hapa Kigoma, jua la Ujiji likichoma: gego likishtuka, usilisugue kwa nguvu. Ndani yake kuna seli zilezile zinazolijenga jino. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kuwa nazo zinahisi baridi, kupitia protini iitwayo TRPC5. Jino likitoboka, au fizi ikirudi nyuma, baridi inapenya kirahisi. Karafuu ya bibi haikuwa porojo, maana eujenoli iliyomo huizuia protini hiyohiyo. Bana punje moja kati ya shavu na jino, si kuitafuna. Ila soda ishashuka tumboni na jino bado linavuta dakika nzima? Muone daktari wa meno, karafuu haizibi tundu.