Jinsi ya kuomba kiatamizi cha kampuni changa, na cha kufanya ukishaingia ili usitoke na vyeti tu

Habarini wakuu. Kila baada ya wiki kadhaa naulizwa swali lilelile WhatsApp, "kaka nimeona kuna programu ya kampuni changa wanapokea maombi, niombe nisiombe?", na kila mara nachapa jibu refu mpaka vidole vinauma, sasa leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Mi nimepitisha kampuni yangu kwenye programu mbili za viatamizi, yaani vituo vinavyolea kampuni zinazoanza, hapa Dar, na siku hizi naitwagwa kukaa upande wa pili wa meza kusaili wanaoomba, kwa hiyo ntakayosema mengine yatawauma kidogo, mtanisamehe.

Kwanza ujue unaomba nini

Watu wanachanganya sana hapa. Hakathoni ni siku mbili tatu mnakesha, mnatengeneza kitu, mnapiga picha, basi. Ofisi ya kuchangia unalipia meza, umeme na intaneti, hakuna anayekufundisha chochote. Akseleta ni miezi mitatu hivi, mnaanza kundi na kumaliza kundi, na nyingi zinataka hisa, mtindo uliosambazwa sana na Y Combinator ya Marekani tangu 2005 (NALA, kampuni ya kutuma pesa ya Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes, ilipita pale 2019). Kiatamizi chenyewe kinaenda polepole, unaweza kukaa mwaka au zaidi, unapata ofisi, warsha, mentori (mshauri mwenye uzoefu), msaada wa mambo ya sheria na hesabu.

Na hilo neno limetoka kwenye kuku kweli, si utani. Mwaka 1959 pale mji wa Batavia, New York, familia ya Mancuso ilinunua kiwanda kikubwa kilichofungwa wakaanza kukipangisha vipande vipande kwa biashara ndogo, mpangaji mmojawapo alikuwa kampuni ya vifaranga, ndo Joe Mancuso akaanza kuliita jengo lile incubator, yaani kiatamizi. Kuku anaatamia siku 21 yai linaanguliwa. Kampuni haina siku 21, na yai viza hata uliatamie mwaka halitoi kifaranga, hilo mtalikumbuka kwenye hatua ya nne.

Kwa Dar pa kuanzia ni jengo la COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama, kuna vituo viwili, Buni Hub na DTBi, vyote vilianza 2011. Nairobi wana iHub tangu 2010, Kigali wana kLab. Vingine vinazaliwa na kufa kila mwaka, ndo maana hatua ya kwanza ni hii.

Hatua ya 1: Kichunguze kituo kabla hakijakuchunguza

Tafuta watu wawili waliopita pale, usiwaulize kama ni pazuri, watasema pazuri. Waulize: mteja gani mlimpata kupitia kituo? Mentori walikuwa wanakuja au ni sura za kwenye bango tu? Walidai hisa, na karatasi mlisaini lini, mwanzoni au katikati? Fedha za programu zinatoka wapi na zinaisha lini?

Hilo la mwisho ndo wengi hawaulizi. Vituo vingi kwetu vinaishi kwa hela za wafadhili, mradi ukiisha na programu imeisha. Programu moja niliyoingia ilitakiwa iwe miezi tisa, mwezi wa nne Ijumaa jioni tukaletewa barua pepe kwamba ufadhili umefika ukomo, Jumatatu intaneti imekatwa na meza zinahesabiwa. Hakuna aliyetudanganya, hatukuuliza tu. Na ukishajua pesa ni ya mfadhili utaelewa kwanini unasainishwa mahudhurio asubuhi na mchana, ripoti inataka idadi ya vichwa. Saini tu, lakini usidhani kuhesabiwa ndo kusaidiwa.

Na jamani kama unachofuata ni posho na sambusa za saa nne, kuna semina nyingine nyingi mjini, acha nafasi kwa mwenye biashara.

Hatua ya 2: Andiko

Fomu zinafanana zote: tatizo ni nini, la nani, mmefanya nini mpaka sasa, timu ni nani, mnataka nini kwetu. Mi nikisoma maombi mia, themanini yanaanza hivi: "Tunatumia teknolojia ya kisasa kuleta mapinduzi katika sekta ya biashara Afrika Mashariki." Hiyo sentensi haina mtu ndani yake. Linganisha na hii: "Maduka ya jumla Manzese yanapokea oda kwa simu na kuandika kwenye makaratasi, oda zinapotea. Tumekaa na maduka sita, mawili yanatulipa 10,000 kwa mwezi." Ya pili ina Kiswahili cha kawaida kabisa na huyo naita usaili hata kama programu yake ya simu inakwama kwama.

Namba ndogo ya kweli weka. Usiandike "watumiaji 5,000" wakati ni watu waliopakua mara moja wakafuta, tutauliza wangapi waliitumia wiki iliyopita na hapo ndo uso unabadilika. Wakitaka video, simu yako inatosha, simama uelekee dirisha, dakika moja, sema jina, tatizo, ulichofanya. Tuma siku tatu kabla, usiku wa mwisho mtandao unajaa na bando linaisha, hiyo ni sheria ya maumbile.

Hatua ya 3: Usaili

Hapa sina mengi. Njoo na mwenzako, asiwepo mmoja anaongea na mwingine anaangalia dari. Usipojua jibu sema sijui, ntaenda kuuliza wateja. Ukiulizwa mshindani wako ni nani usijibu "hatuna mshindani", daftari ni mshindani, kalamu ni mshindani.

Hatua ya 4: Warsha (soma hapa taratibu)

Wiki za kwanza utapewa lile bango la vyumba tisa, la mfumo wa biashara: wateja, thamani unayowapa, njia za kuwafikia, mapato, gharama na kadhalika. Watu wanabandika vikaratasi vya rangi mpaka ukuta unapendeza kama duka la vitenge, wanapiga picha, wanaenda chai. Fanya hivi: chukua kalamu mbili, nyeusi andikia ulichokiona kwa macho, nyekundu andikia unachodhani. La kwetu mara ya kwanza lilikuwa jekundu karibu lote, mbele ya watu, aibu niliyoipata siku ile ndo ilinisaidia kuliko slaidi zote za mwezi ule.

Kisha inakuja warsha ya kuhoji wateja. Wazo letu la kwanza lilikuwa programu ya simu ya kuandika madeni kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, yaani madeni ya wale wanaokopa mchele na sabuni wanalipa mwisho wa mwezi. Tulizunguka maduka 14 Sinza na Manzese tukauliza, "Mangi, ungetumia programu kama hii?" Wote 14 wakasema ndiyo, nzuri sana vijana, Mungu awasaidie. Tukatengeneza miezi mitatu. Aliyeitumia ni mmoja, na huyo mmoja ni mjomba wangu.

Kosa lilikuwa swali lenyewe. Ukimuuliza mtu wa kwetu kama angetumia kitu chako atakwambia ndiyo kwa sababu amelelewa vizuri, si kwa sababu atatumia. Usiulize ya kesho, uliza ya jana. Maswali tuliyorudi nayo ni haya:

– Mara ya mwisho deni kukupotea ilikuwa lini? Ilikuwaje?
– Ulifanyaje baada ya hapo?
– Ilikugharimu shilingi ngapi?
– Kuna kitu umeshawahi kulipia ili lisitokee tena?

Kama hilo la nne jibu ni hapana, na la kwanza hakumbuki, hilo tatizo ni lako, sio lake. Halafu nenda saa nne saa tano asubuhi, ukimfuata Mangi saa kumi na mbili jioni watu wamepanga foleni ya mkate na mafuta ya kupima utafukuzwa na una haki ya kufukuzwa. Nunua soda, kaa, acha anyamaze, usijaze ukimya kwa kumweleza suluhisho lako.

Raundi ya pili ndo mzee mmoja akanifungulia akili. Kasema, mwanangu, daftari nikiandika mteja ananiona, anasoma na jina lake, kesho hawezi kunikana. Simu nikibonyeza haoni kitu, akinikana nitamwonyesha nini? Miezi mitatu ya kazi ikaishia kwenye hiyo sentensi moja. Lakini huyohuyo, bila kuulizwa, akaanza kulalamika kuhusu duka la jumla, kaagiza katoni 10 za sabuni imekuja ya unga wa ngano, ameshapiga simu mara nne. Tukamfuata mwenye duka la jumla, tukakuta misumari miwili ukutani imejaa vikaratasi vya oda. Hapo ndo ilipo biashara yetu mpaka leo.

Kwa hiyo utaratibu wangu: kati ya warsha moja na nyingine ongea na wateja watano, kwa miguu. Kama ratiba ya kituo imebana mpaka huna siku ya kutoka, omba ruhusa ukose warsha moja. Ile ya chapa na rangi za nembo inafaa kukoswa. Ya hesabu usikose.

Hatua ya 5: Mentori

Mentori ni mtu mwenye kazi zake, ukimtumia "Shikamoo mzee naomba ushauri" atakusoma na kukusahau. Mtumie siku mbili kabla: wiki hii tumefanya nini, kimekwama wapi, swali moja. Moja tu. Mkimaliza mwandikie mlichokubaliana na utarudi lini na majibu. Mentori wawili wakikupa ushauri unaopingana, na itatokea, usiwagombanishe, kamuulize mteja.

Hatua ya 6: Karatasi, mapema

Usajili wa kampuni unafanyika mtandaoni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, andaa namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za wahusika wote, halafu TIN, namba ya mlipa kodi, kutoka TRA, TIN hailipiwi, anayekuomba hela ya TIN ni kishoka. Kama mnakusanya taarifa za watu, majina, namba za simu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, muulizeni mwanasheria wa kituo mnatakiwa kujisajili vipi kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Huyo mwanasheria ndo faida mnayoilipia kwa muda wenu, mtumieni.

Ila karatasi inayoua kampuni ni ya wenyewe kwa wenyewe. Mko wawili, mmegawana 60 kwa 40, mwenzako anapata kazi benki mwezi wa saba anaondoka na 40 yake yote. Dawa ni kupata hisa kidogo kidogo kwa miaka minne, yaani miezi 48, na asiyemaliza mwaka wa kwanza hapati kitu. Akiondoka mwezi wa saba, sifuri. Akiondoka mwezi wa 14 anachukua 14 kwa 48 ya ile 40, ni kama asilimia 11.7. Andikeni wakati mnapendana.

Hatua ya 7: Hela

Ruzuku hairudishwi lakini inakuja kwa awamu na kila awamu ina ripoti na risiti, usipange mshahara wa mtu kwa awamu ambayo haijaingia. Mkopo unajulikana. Hisa, piga hesabu kabla ya kufurahi: mkikubaliana kampuni ina thamani ya milioni 180 kabla ya hela, mtu akaweka milioni 20, sasa ni milioni 200 na yeye ana asilimia 10. Ile 60 inakuwa 54, ile 40 inakuwa 36. Kituo kikitaka asilimia 10 kwa warsha na meza bila shilingi, jiulize hiyo meza ni ya mbao gani.

Na kila mwezi fanya hesabu moja, hela iliyopo gawa kwa matumizi ya mwezi. Una milioni 6, unatumia milioni 1.2, una miezi mitano. Kutafuta mwekezaji kunaweza kumaliza yote mitano, kwa hiyo anza leo.

Hatua ya 8: Siku ya kupichi

Una dakika tano za kuinadi kampuni yako mbele ya majaji na wawekezaji. Anza na mteja mmoja wa kweli na siku yake, sio ramani ya Afrika. Maonyesho ya programu yako ya simu yarekodi video, usitegemee intaneti ya ukumbini, mi ilinifia mbele ya majaji nikabaki naeleza kwa mikono kama trafiki. Sema unachotaka: kiasi gani, cha kufanyia nini.

Ukishuka jukwaani kaa karibu na meza ya chai, chukua namba, na kwenye simu andika kila mtu alisema nini. Kesho yake kabla ya saa sita watumie wote ujumbe wenye hicho alichosema. Mi nilituma 11, wawekezaji sita walinijibu "tutawasiliana" na ndo mpaka leo. Aliyenipigia simu ni mama mmoja aliyekuja pale kumsikiliza mtoto wa dada yake tu, ana maduka matatu ya jumla Mbagala, akaniuliza, hiyo ya oda, mnaweza kuja Jumamosi?