SOMO: Rotwaila hazaliwi muuaji, jinsi ya kulea mbwa wa ulinzi hatua kwa hatua (maswali ruksa)

Wakuu heshima kwenu. Kila nikikutana na mtu anayetaka mbwa swali ni lile lile, mkuu mbegu gani ni kali zaidi? Hakuna anayeuliza mbwa atakaa na nani, atafundishwa na nani, nani atamtoa nje kila siku. Matokeo yake mtu ananunua rotwaila kwa hela ndefu, anamfungia bandani nyuma ya nyumba, mwaka hauishi mtoto wa jirani kang'atwa, alafu lawama zote anabeba rotwaila. Hili linaniuma sana kwa kweli, mtoto kaumia na mbwa anapigwa risasi kwa kosa la mwenye nyumba.

Sikatai kwamba mbegu ina maana. Rotwaila katokea mji wa Rottweil kule Ujerumani, kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe na kuvuta vigari vya wachinjaji, kwahiyo ana mwili na ana nguvu, akikosea yeye madhara sio sawa na kale kambwa keupe kenye manyoya. Jemani Shepadi ni mbwa wa kuchunga kondoo, Max von Stephanitz ndo alianza kuisimamia mbegu hiyo rasmi mwaka 1899, na mpaka leo mbwa huyo anataka kazi ya kufanya, ukimuacha tu anaharibika. Lakini tabia ya mbwa huyu mmoja uliyenaye wewe ni kitu kingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 Marekani na ikaonekana mbegu inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Na huko huko Marekani mwaka 2007 pitbuli walikamatwa kwenye mali ya Michael Vick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mbwa waliofugwa kwa ajili ya kupiganishwa, na bado wengi wao walitunzwa upya, wengine wakaishia kulala sebuleni na watoto.

Sasa twende kwenye kazi.

HATUA YA 1: Muone mama yake kwanza. Kama mama anajificha kwa woga au anataka kumrarua kila anayesogea, ondoka hata kama bei ni nzuri. Usichukue mtoto chini ya wiki 8, kwa sababu akiwa na ndugu zake ndo anajifunza kupima meno, aking'ata sana mwenzake analia na mchezo unaisha. Wale wanaouzwa barabarani kwenye maboksi wengi hata hawajafika umri huo.

HATUA YA 2: Hapa ndo kuna kila kitu kwahiyo someni taratibu. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 hivi ubongo wa mbwa unaamua kipi cha kawaida na kipi ni hatari. Asichokiona kipindi hicho atakuja kukiogopa ukubwani, na mbwa mkubwa anayeogopa ndo huyo anayeng'ata. Kwahiyo aone watoto wanaokimbia, aone mzee mwenye fimbo, mwanamke aliyevaa buibui, bodaboda, bajaji, mtu wa maji na mkokoteni wake, asikie adhana, radi na jenereta. Kidogo kidogo na kila kimoja kiambatane na kitu kitamu. Kama chanjo hazijakamilika usimuweke chini mahali mbwa wengine wanapopita maana pavo (ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika) inaua haraka, mbebe mkononi au mkae nae getini aangalie watu wanavyopita. Na chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi 3, kisha kila mwaka.

HATUA YA 3: Mafunzo ya kila siku, dakika tano tano, sio saa nzima mpaka mnachukiana. Jina, njoo, kaa, acha, nenda sehemu yako. Zawadi ni dagaa mmoja au kipande cha ini. Nyumba nzima itumie neno moja, baba akisema kaa, dada wa kazi akisema sit na shamba boi akitumia teke, mbwa hatajua lolote. Kupiga acheni jamani, kunamfundisha kuogopa mkono na siku moja mkono huo utakuwa wa mtoto.

HATUA YA 4: Mgeni. Mbwa asiyejua kutofautisha mgeni na mwizi sio mlinzi, ni hatari iliyofungiwa geti. Mfunge kamba, mgeni aingie, mpe amri ya kukaa, akitulia apate chake. Hata mbwa wa Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi wana mwongozaji wanayemsikiliza, akisema acha wanaacha.

HATUA YA 5: Banda ni la kulala tu. Kumfungia gizani mchana kutwa na kumfungulia usiku hakumpi ukali wa maana, kunampa wazimu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Abuu: Sisi Waislamu tunafuga kwa ulinzi tu, mate yake hatutaki yatuguse. Mtu anafundishaje bila kumshika?

Jibu: Inawezekana kabisa dada yangu. Tumia sauti na ishara ya mkono, zawadi mrushie chini usimlishe kiganjani, chombo chake kiwe chake peke yake. Surat Al-Maida aya ya 4 inataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa, kwahiyo kufundisha sio jambo geni kwetu. Mambo ya twahara (usafi wa ibada) muulize shekhe wako.

Kijana wa Goba: Kuna jamaa kaniambia nimpe pilipili na bangi awe mkali, ni kweli?

Jibu: Hapana mdogo wangu. Pilipili inamuumiza tumbo, bangi ni sumu kwake, analewa, anashindwa hata kusimama. Mwizi anaingia na mlinzi wako amelala.

Mzee wa Shamba: Nina mbwa koko, anafundishika huyo au nitapoteza muda tu?

Jibu: Anafundishika mzee wangu, fuata hatua zile zile. Tena amezoea hali ya hewa yetu, ila nae chanjo ni lazima.

Lulu 88: Kwanini serikali isipige marufuku tu hizi mbegu kali, Ulaya si wamefanya?

Jibu: Uingereza walipiga marufuku aina nne kwa sheria ya 1991, pitbuli akiwemo, na Februari 2024 ikawa kosa kumiliki XL Bully (mbwa mkubwa wa jamii ya pitbuli) bila kibali England na Wales. Katikati ya miaka hiyo watu wanaolazwa kwa kung'atwa England waliendelea kuongezeka, maana anayetaka mbwa wa kutisha anahamia mbegu nyingine. Mimi ningeunga mkono sheria inayombana mmiliki.

Fundi Seremala: Wangu ana miaka 3, ameshang'ata watu wawili. Nimuue?

Jibu: Kwanza hao watu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15 na waende hospitali hata kama ni mkwaruzo. Mbwa usimuue haraka, afungiwe na kuangaliwa siku 10, akibaki mzima maana yake siku anang'ata hakuwa na kichaa cha kuambukiza. Alafu daktari wa mifugo amcheki, maumivu ya sikio au nyonga yanamfanya mbwa kuwa mkali. Akiwa hana ugonjwa avae kifunga mdomo kila anapotoka, geti liwe na komeo, na mtafute mwalimu anayefundisha bila fimbo. Uniandikie aling'ata wakati gani hasa, anakula, amelala au mtu alikuwa anakimbia, tuanzie hapo.