Umepata barua ya ukaguzi wa TRA? Tafuta mtu wa kukusimamia kabla hujajibu chochote

Wakuu wa Arusha na Moshi, hasa nyie wa utalii, hadweya na maduka ya jumla, barua ya ukaguzi ikifika usiikalie na wala usikimbilie kuijibu mwenyewe. Tafuta mtu siku hiyohiyo, maana maelezo ya kwanza ukishayapeleka yameingia kwenye faili na utakayemleta baadae ataanza kwa kuhangaika na ulichosema wewe.

Sasa mtu gani, hapa ndo wengi wanachanganya. Yule kijana anayekufailia ritani kila mwezi anaweza akawa mzuri kabisa lakini kufaili ritani ni kazi nyingine na kubishana na mkaguzi ni kazi nyingine. Unataka mshauri wa kodi aliyesajiliwa, au mhasibu mwenye CPA (cheti cha juu cha uhasibu) anayetambulika na NBAA, ile bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na muombe akuonyeshe cheti kama bado kiko hai, mtu wa maana hawezi kuchukia. Kama ni wakili muangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Alafu muulize: umeshawahi kuandika pingamizi la kodi, yaani barua ya kupinga kodi waliyokukadiria, la biashara kama yangu?

Hilo swali nalikazia kwa sababu ya nyie wa safari. Mteja wa nje anatuma hela yote kwa pamoja, humo ndani kuna viingilio vya Serengeti na Ngorongoro, kuna loji, kuna dereva, ya kwako inabaki kidogo. Mkaguzi akishika stetimenti ya benki anaona hela imeingia tu, anaweza akaihesabu yote kuwa mapato ya kampuni. Aliyezoea utalii atakaa na wewe safari kwa safari, invoisi ya mteja, malipo ya kiingilio, risiti ya loji, mpaka ijulikane ipi ni yako na ipi imepita tu. Asiyezoea atakuandikia barua ya kulalamika, na malalamiko hayapunguzi hata shilingi. Ila na wewe uwe nazo hizo karatasi jamani, sheria inataka uzitunze miaka 5.

Ukishampata muandikie barua ya kumteua, ina sahihi yako na mhuri wa kampuni, iseme ni kodi gani na miaka ipi. Kopi ipeleke TRA.

Asesmenti, yaani makadirio ya kodi TRA wanayosema unadaiwa, ikitoka ndo pa kuwa macho. Una siku 30 toka ulipopokea kuweka pingamizi kwa maandishi, tena lenye sababu, na ndani ya siku hizohizo unatakiwa ulipe ile kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Mfano umekadiriwa milioni 60 wewe unakubali 10, theluthi ni 20, basi unalipa 20. Ungekuwa unakubali 30 ungelipa 30. Kama huna uwezo mwambie mwakilishi aombe kwa Kamishna Mkuu akupunguzie au akusamehe hiyo amana (hayo malipo ya kuweka pingamizi), inaruhusiwa ila lazima kuwe na sababu nzito na vielelezo. Na kama uliumwa au ulikuwa nje ya nchi omba kuongezewa muda, kwa maandishi sio kwa simu.

Uamuzi wa mwisho wa pingamizi ukitoka na hujaridhika unaenda Bodi ya Rufani za Kodi, taarifa ya kukata rufaa ndani ya siku 30 na rufaa yenyewe ndani ya 45. Baada ya hapo kuna Baraza la Rufani za Kodi, mwisho Mahakama ya Rufani ambako ni hoja za kisheria tu. Kuanzia Bodi mimi ningeweka wakili wa kodi akae pamoja na mhasibu, maana wakili bila mahesabu anakwama na mhasibu bila taratibu za rufaa anakwama vilevile.

Malipo yake mkubaliane kwa maandishi, hatua kwa hatua, pingamizi bei yake na rufaa bei yake. Hela ya kodi usimpe mkononi hata kidogo, inalipwa kwa kontrol namba, mwenyewe. Akikwambia "nina mtu wangu ndani" achana nae hapohapo, kesi ya kodi inaweza kugeuka kesi ya rushwa na wewe ndo mwenye jina kwenye TIN. Na kila barua anayopeleka, kopi yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwako, sio ofisini kwake.