Kuchora mabomba kwa kompyuta bila karakana kukurudishia mchoro

Vijana wanaokuja ofisini kwetu Ntinda, Kampala, kujifunza kuchora mabomba kwa AutoCAD, kadhaa wao wakitokea chuo cha mafuta cha Kigumba, huanza kwa kuniuliza njia za mkato za kibodi. Nitazieleza humu, maana zinasaidia kweli. Ila mchoraji mwenye vidole vyepesi ambaye mchoro wake hurudishwa na karakana mara mbili, mwisho wa wiki amechelewa kuliko mwenzake wa polepole. Kasi ninayoijali mimi huonekana kwa fundi: amekata bomba, amechomelea, na spuli, yaani kipande cha bomba kilichotengenezwa karakana, imeingia mahali pake bila yeye kunipigia simu.

Kwa hiyo tunaanza na jedwali la vipimo. Libandike ukutani mbele yako. Bomba la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha milimita 60.3, la inchi 4 lina 114.3, la inchi 6 lina 168.3, la inchi 8 lina 219.1. Mpaka inchi 12, jina la bomba na kipenyo chake cha nje ni vitu viwili tofauti. Kuanzia inchi 14 vinalingana: 14 mara 25.4 ni 355.6, na ndivyo lilivyo. Kijana asiyejua hili huchora bomba la inchi 4 kwa upana wa milimita 101.6, na kila nafasi anayoipima kutoka ukingo wa bomba hilo inakuwa ya uongo.

Ukishalijua jedwali, bomba la mistari miwili halikuchukui muda. Usichore kingo. Chora mstari wa katikati tu kwa amri ya PLINE, kona zote zikiwa za pembe mraba. Kisha FILLET, chagua R, andika 152 kwa bomba la inchi 4, chagua P, bofya mstari wako. Kona zote zinageuka viwiko kwa mara moja, kwa sababu kiwiko cha kawaida cha mzunguko mrefu kina nusu kipenyo cha mara moja na nusu ya saizi ya bomba: 4 mara 1.5 ni inchi 6, yaani milimita 152. Halafu OFFSET ya 57.15 upande huu na upande ule, na bomba limekamilika. Kwa inchi 6 namba zako ni 229 na 84.15. Ziandike kwenye jedwali hilohilo la ukutani.

Nafasi kati ya mabomba ndiyo inayotutesa zaidi tangu kazi za mafuta za Hoima na Buliisa zianze. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana lile bomba la inchi 24 la kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa likiwa na insulesheni (vazi la kuzuia joto lisipotee) na mfumo wa kulipasha joto ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Ukiwa mchoraji, maana yake ni kwamba bomba lako ni nene kuliko linavyosomeka kwenye jedwali. Weka insulesheni kwenye leya yake (tabaka lake la mchoro) na uichore kweli, usiishie kuiandika pembeni.

Chukua bomba la inchi 6 na la inchi 4 yanayokwenda sambamba, yote yakiwa na insulesheni ya milimita 50, flanji, yaani sahani za kuunganishia mabomba kwa bolti, ni za daraja la 150 la shinikizo, na unataka pengo la milimita 25. Wengi huhesabu kwa flanji kubwa peke yake: nusu ya flanji ya inchi 6 ni 140, ongeza pengo 25, ongeza nusu ya bomba la inchi 4 ambayo ni 57, ongeza insulesheni 50, jumla 272. Wanaishia hapo. Sasa geuza: nusu ya bomba la inchi 6 ni 84, insulesheni 50, pengo 25, nusu ya flanji ya inchi 4 ni 115, jumla 274. Flanji ndogo ndiyo iliyotaka nafasi kubwa zaidi. Fanya hesabu zote mbili kila mara, chukua iliyo kubwa, ipandishe hadi 275. Hesabu hii huchukua dakika moja. Kuhamisha bomba lililokwisha kuchomelewa ni kazi ya siku nzima, na gesi na diski za kukatia hazitolewi bure.

Haya, kibodi. Mkono wa kushoto usitoke kwenye vitufe, wa kulia usitoke kwenye mausi. AutoCAD ina faili liitwalo acad.pgp linalohifadhi vifupisho, na unaweza kuongeza vyako mwishoni mwake, kwa sababu kifupisho kikijirudia, cha mwisho ndicho kinachofuatwa. Mimi nina hivi viwili ninavyovitumia siku nzima:

LL, *LAYISO
LU, *LAYUNISO

Cha kwanza kinaficha au kufifisha leya zote, kutegemea ulivyokipanga, isipokuwa ile niliyoibofya, cha pili kinazirudisha. Kwenye mchoro wenye nguzo, boriti, nyaya na mabomba ya watu watatu, hakuna kinachoyapumzisha macho kama hivyo. Ukimaliza kuhariri faili hilo, andika REINIT ili lisomwe upya bila kuifunga programu. Kwa isometriki ya mkono, yaani mchoro wa bomba unaoonyesha pande tatu, F5 inabadilisha upande wa mchoro na F8 inanyoosha mistari. Maandishi yape mlalo wa nyuzi 30 au hasi 30 kufuata upande wake.

Mchoro wa mhandisi wa majengo usiubandike ndani ya wako. Uite kwa XREF, amri ya kuonyesha faili jingine ndani ya mchoro wako, na uchague Overlay badala ya Attach, ili mwenzako akiuita mchoro wako asibebeshwe na vyote ulivyoviita wewe. Viwanda vya zamani, hasa vya upande wa Jinja, mara nyingine vina ramani za inchi. Kabla ya kuamini chochote, pima kitu unachokijua ukubwa wake. Kikikosea kwa 25.4, umeshajua dawa. PURGE, AUDIT na OVERKILL, amri za kusafisha na kukagua faili, zipitishe kila jioni kabla ya kufunga.

Kwa Plant 3D, programu ya kuchora mabomba ya kiwanda kwa pande tatu, nina jambo moja ninalolisisitiza mpaka vijana wanachoka kunisikia: faili hufunguliwa kutoka Project Manager, na jina lake hubadilishwa humohumo. Ukilibadilisha jina kwenye folda ya Windows, hifadhidata ya mradi haijui, na mchoro wako unabaki yatima. Ukitaka kumpelekea mtu mradi kwa flashi, nakili folda nzima pamoja na Project.xml, usichague faili mojamoja. Na spesi, yaani orodha ya aina za bomba na vifaa vya mradi, iandaliwe kabla ya kupitisha bomba la kwanza. Spesi ikiwa sawa, programu yenyewe inakuwekea flanji, gasketi (kiziba cha kati ya flanji) na bolti zinazostahili, na orodha ya vifaa inatoka bila kuhesabu kwa kalamu. Ikiwa na kasoro, utasahihisha vipande mia badala ya mstari mmoja.

Umeme. Programu huja ikihifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Andika SAVETIME, weka 5. Nakala hizo huishia na sv$ na hufutwa ukifunga kwa utaratibu, kwa hiyo zina maana pale tu umeme ukikatika au kompyuta ikiganda. Umeme ukirudi, andika DRAWINGRECOVERY kabla ya kuanza kuchora upya kwa hasira. Kama unatumia kompyuta ya mezani, UPS (betri ya akiba) hata ndogo ni kifaa cha kazi. Inunue kabla ya skrini ya pili.

Mwisho wa kazi ni karatasi ya isometriki, na hapo ndipo pa kutulia. Karakana tunayofanya nayo kazi ina mafundi kutoka Arua, Bunia na Mombasa, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kwa hiyo maelezo ya pembeni ninayaandika kwa Kiswahili chepesi: "kata hapa", "chomelea ukiwa saiti". Alama ya kaskazini ielekee upande mmoja kwenye karatasi zote za mradi. Kipande kitakachochomelewa saiti kiongezee milimita 100 ili fundi akikate kulingana na hali atakayoikuta. Gasketi ipe nafasi yake kwenye vipimo, usiiache iliwe na bomba.

Gawa spuli ukifikiria bomba litakavyofika. Ndani ya kontena la futi 20 hakutimii mita 6, ndiyo maana mabomba yanayosafirishwa humo hukatwa mita 5.8. Mchoro wenye kipande kilichonyooka cha mita 6 unamlazimisha fundi aunge sentimita 20, mchomeleo mzima ambao haukuhitajika, na ambao mkaguzi ataudai upigwe picha ya eksirei. Uliza stoo wana urefu gani kabla ya kuweka alama za viungio.

Kisha chapisha. Karatasi ya karakana hutoka nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi zako nzuri za skrini hazitamsaidia mtu. Tumia monochrome.ctb, bomba lipe mstari wa milimita 0.5, vipimo 0.18, karatasi iwe A3. Iweke mezani, rudi nyuma hatua moja, usome namba zote kwa sauti. Ambayo huisomi kutoka hapo, ongeza herufi zake kutoka milimita 2.5 hadi 3, uchapishe tena, ndipo umpelekee fundi.