Kizimba cha tarantula wa mitini, kwa mfugaji wa Mwanza

Kinachowaua tarantula wa mitini vizimbani mara nyingi si kiu, ni hewa nzito iliyotuama. Mtu akisikia buibui huyu katoka msitu wa mvua, anamfungia kwenye boksi na kumnyunyizia maji asubuhi na jioni. Wiki chache baadaye ukungu mweupe umepanda kwenye gome, na buibui yuko sakafuni amekunja miguu chini ya mwili. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni matundu ya hewa.

Vipimo ni vya Avicularia avicularia aliyekomaa, yule wa Amerika ya Kusini mwenye ncha za miguu za rangi ya waridi. Akitanua miguu hufika kama sentimita 12 au zaidi kidogo. Nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, mwenye karatasi zake. Usiende kuokota porini.

1. Vioo

Mpelekee fundi vioo orodha hii. Kioo ni cha milimita 4, vipimo vyote ni milimita, na kingo zote zisuguliwe:

- sakafu na paa: 250 × 250, vipande viwili
- mgongo: 250 × 400
- ubavu wa kushoto: 246 × 90 na 246 × 270
- ubavu wa kulia: 246 × 340 na 246 × 20
- kizingiti cha mbele: 242 × 70
- mlango: 238 × 326

Mlango uwe mbele, usiwe juu. Buibui huyu hufuma nyumba yake karibu na paa, na ukifungulia juu utamchania kila siku.

2. Hewa

Kila ubavu una vipande viwili ili ubaki mwanya wa milimita 40 kati yake: kushoto mwanya uko chini, kulia uko juu. Hewa inaingia huku inatokea kule. Funika kila mwanya kwa nje na bati la alumini lenye matundu yasiyozidi milimita 2, upana 60, lipande juu ya kioo milimita 10 kila upande.

Wavu wa plastiki wa madirishani haufai: kucha hunasa, na meno yake huutoboa. Kipande cha chandarua ni kibaya zaidi. Vyandarua vingi tunavyolalia vina dawa, na dawa ya mbu haichagui.

3. Kugandisha

Tumia silikoni tupu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Anza na mgongo juu ya sakafu, kisha mbavu, kizingiti, mwisho paa. Bawaba mbili ndogo na sumaku vinatosha mlangoni. Kama nyumba ina watoto, weka komeo. Acha saa 72. Ukinusa na bado kuna harufu ya siki, haijakauka.

4. Ndani

Mwaga kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) isiyo na mbolea, kina cha sentimita 5. Iloweke, kisha ikamue: ukiibana kiganjani isidondoshe maji. Mchanga wa ziwani uache, haushiki unyevu vizuri. Mwanza ni mji wa mawe, lakini mawe yabaki nje. Buibui akiangukia jiwe tumbo huweza kupasuka.

Simamisha gome pana au mwanzi wenye tundu la sentimita 6, uegemee mgongoni, ncha ya juu iishie sentimita 8 chini ya paa. Hapo ndipo atakapofumia. Tawi la mpera ni zuri. Mwarobaini na mkaratusi usiguse, hata kama vimejaa mtaani. Chemsha mbao nusu saa na uanike hadi zikauke kabisa. Zungusha majani ya plastiki juu, lakini yakae mbali na mlango, la sivyo utando utashikana nao.

5. Maji

Kisosi kidogo cha maji safi, bila sponji. Kiangazi, Juni hadi Agosti, mwagia kona moja ya kokopiti vijiko viwili vya chakula kila baada ya siku nne au tano. Masika, angalia kwanza. Mara nyingi hakuna haja.

6. Mahali

Taa ya joto haihitajiki Mwanza. Hatari ni jua la dirishani na chumba cha bati kisicho na dari, ambako mchana kizimba hugeuka tanuri. Kiweke ukuta wa ndani, chini ya usawa wa kifua.

Wapuliziaji wa dawa ukoko wakija, hamisha kizimba kabla hawajaingia, na usikirudishe kwenye ukuta uliopuliziwa. Dawa hiyo hukaa miezi. Usiku wa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, zima taa iliyo karibu, asubuhi piga brashi bati la hewa kabla mizoga haijaziba. Masalia ya mende unaomlisha yaondoe siku hiyohiyo, sisimizi wasije.

Mhamishie buibui, mpe wiki moja bila kumlisha. Madoa meupe kwenye kioo ni kinyesi. Aina hii hukirusha. Futa kwa kitambaa chenye maji matupu, sabuni iache jikoni.